Mwekundu wa Bonde la Ahr

Mvinyo huu ukimiminwa kwenye glasi, wa kwanza kulalamika ni jicho. Aliyezoea mwekundu wa Afrika Kusini au wa Chile, ule mzito unaoacha doa kwenye meno, atadhani ameletewa kitu kilichoongezwa maji. Inamisha glasi juu ya gazeti na maandishi yaliyo chini yake yanasomeka. Katikati pana wekundu ulioiva, lakini kadiri unavyokwenda ukingoni rangi inapungua, na kama chupa imekaa miaka kadhaa, ukingo wenyewe umeshaanza kuelekea rangi ya tofali.

Wepesi huo wa rangi umewaponza Wajerumani kwa muda mrefu. Dunia inawajua kwa bia, halafu kwa mvinyo mweupe wa Riesling. Mwekundu wao ulikuwa jambo la kutaniwa, na wao wenyewe waliuonea haya. Wakati fulani dawa ya haya hiyo ilitafutwa maabara. Mwaka 1955, huko Weinsberg kusini mwa nchi, mtaalamu wa mbegu August Herold alizalisha zabibu mpya iitwayo Dornfelder, yenye rangi tele gandani, na kazi iliyokusudiwa mwanzoni ilikuwa kutiwa kwenye mvinyo mwingine ili uonekane mwekundu zaidi. Zabibu nzima ilizalishwa kwa ajili ya kulinyamazisha jicho. Baadaye Dornfelder ilipata heshima yake, siibezi. Ila mimi nataka kuusifu ule usiotiwa kitu, ulioachwa na wekundu wake mwepesi kama ulivyotoka shambani. Msomaji asiyegusa kileo anaweza kunifuata vilevile, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari hii ni ya mikono, mbao na mawe.

Zabibu yake ni Spätburgunder, ileile ambayo Wafaransa, na karibu dunia nzima kwa kuwafuata, huiita Pinot Noir. Ujerumani ni nchi ya tatu kwa kuipanda, nyuma ya Ufaransa na Marekani. Ganda lake ni jembamba, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Iminye zabibu nyekundu kati ya vidole: maji yanayotoka karibu hayana rangi, maana rangi yote imo gandani. Ganda likiwa jembamba, rangi nayo ni haba. Isitoshe, kichala chake kimebanana, punje imeikalia punje, hata mvua ya Septemba ikipenya katikati haitoki tena, na ukungu huanza kuota kwa ndani, mahali ambapo mchumaji hapaoni mpaka akipasue kichala. Mkulima anayependa usingizi wake hapandi zabibu hii.

Mahali inapotendewa haki kuliko pote, kwa kauli yangu, ni Bonde la Ahr. Watu wa Baden watabisha, nao wana mashamba mengi zaidi. Wa Assmannshausen kule Rheingau watabisha kwa sauti kubwa zaidi. Wabishe. Ahr ni mto mdogo wa kilomita 85 hivi, unaoshuka kutoka milima ya Eifel na kuingia Rhine kusini mwa Bonn. Bonn wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle wameisikia ikitajwa hewani mara zisizohesabika; kwa gari, ni mwendo wa nusu saa tu kutoka huko hadi kwenye mizabibu ya kwanza. Mashamba ya bonde zima hayafiki hekta 600. Yamepangwa juu ya vijiji vilivyofuatana kando ya mto, Altenahr, Mayschoß, Rech, Dernau, Walporzheim, na mji wa Ahrweiler wenye kuta zake za kale. Eneo hili liko kaskazini mno kwa zabibu nyekundu, zaidi ya nyuzi 50 kutoka ikweta, na hata hivyo sehemu kubwa ya mvinyo wake ni mwekundu. Wenyeji hawakuchagua njia rahisi tangu mwanzo.

Basi nusa kabla ya kunywa. Izungushe glasi taratibu, mvinyo upande kingo zake, halafu ingiza pua bila aibu. Kinachotangulia ni tunda, cheri na rasiberi, tunda lenye uchachu na si la jamu. Ukisubiri kidogo inakuja harufu ambayo mtu wa Pemba ataitambua kabla ya mtaalamu wa Paris: karafuu. Hakuna aliyetia karafuu. Ndani ya mti wa mwaloni, ambao ndio unaotengenezewa mapipa, mna yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake, na moto wa fundi wa mapipa huizidisha.

Fundi huyo anastahili aya yake. Magogo ya mwaloni wa Ulaya hayapasuliwi ovyo kwa msumeno; hupasuliwa kufuata nyuzi za mti, vinginevyo pipa litavuja. Mbao hupangwa nje, zikanyeshewa na kupigwa jua miaka miwili au mitatu, hadi uchungu wa mti mbichi uoshwe. Kisha husimamishwa duara ndani ya pete ya chuma, zikawashiwa moto katikati huku zikilowanishwa, zikakunjwa polepole zikiwa na moto. Hakuna gundi wala msumari kati ya ubao na ubao. Likishakaa umbo, pipa huchomwa tena kwa ndani, na hapa fundi huamua: likichomwa kidogo litatoa harufu ya mti, likichomwa sana litatoa ya moshi na kahawa. Mwaloni wa Marekani una tabia yake nyingine, hutoa harufu ya nazi. Mimi nazi naipenda kwenye wali, na huko ibaki.

Mapipa madogo ya lita 225 yakiwa mapya husema kwa sauti ya juu, na mvinyo mwepesi kama huu hunyamazishwa upesi. Ndiyo maana mtengenezaji mwenye busara hutumia mapya machache, akayachanganya na yaliyokwisha kutumika misimu kadhaa, au akatumia mapipa makubwa ya zamani ambayo hayatoi harufu yoyote tena. Pipa la namna hiyo lina kazi moja, kuuacha mvinyo upate hewa kidogo kidogo kupitia mti. Lakini hewa hiyohiyo ni adui akikaribishwa mno. Mvinyo hupungua ndani ya pipa ingawa hakuna anayeunywa, kwa kuwa maji na kileo huvukia kupitia ubaoni. Ikibaki nafasi juu, bakteria wa siki hujipatia makao. Kwa hiyo miezi yote ya kulala kwake, mwaka mmoja au zaidi, kuna mtu anayepita na jagi, akafungua tundu la juu la kila pipa, akajaza, akafunga. Kazi hiyo haionekani popote kwenye chupa. Utaijua pale isipofanywa.

Kuna na harufu ya tatu, ya jiwe lililolowa na moshi wa mbali, ambayo wenyeji huapa kuwa ni ya sleti ya mlimani kwao. Wanajiolojia husema mzizi haunyonyi ladha ya jiwe, nami nawaamini. Nawaamini, na bado harufu ile naisikia.

Sasa kunywa. Uchachu unatangulia, mate yanajaa. Nyuma yake unakuja ukakasi. Aliyekula bibo utotoni anaujua ukakasi vizuri kuliko mnywaji yeyote wa Ulaya: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani. Tanini ndiyo inayofanya hivyo, kwa kuzishika protini zinazoyapa mate utelezi wake. Katika mvinyo huu ukakasi upo, lakini umesagwa. Unashika kidogo kwenye fizi, kisha unaachia. Kati ya mambo yote yaliyomo kwenye glasi, hili ndilo lililonifanya nitake kuona linavyotengenezwa, kwa sababu tanini haitoki kwa kubahatisha. Hutoka kwenye ganda, kwenye mbegu na kwenye vikonyo, kila moja kwa wakati wake na kwa tabia yake.

Kazi inaanza hivi. Zabibu huja kwenye makreti madogo, zisipondane zenyewe kwa uzito. Humwagwa mezani, watu wamesimama pande mbili, wakatoa majani, punje zenye ukungu na zile mbichi. Vikonyo huondolewa, ingawa wapo wanaoacha sehemu ya vichala vizima kwa ajili ya harufu. Kila kitu, ganda, nyama na mbegu, huingia kwenye pipa la wazi, refu kuliko kiuno cha mtu. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna kinachotokea. Halafu hamira inaamka. Wengine huitia, wengine husubiri ile iliyokuja na maganda yenyewe au iliyozoea kuishi humo ndani ya jengo. Mchanganyiko unajipasha moto wenyewe, hadi nyuzi 30 na ushei, na hewa ya kaboni inayotoka inayasukuma maganda yote juu mpaka yanakuwa tabaka moja zito.

Tabaka hilo ndilo kazi. Likiachwa juu linakauka, nzi wadogo wanakuja, na nzi wanakuja na siki. Tena rangi imo humo, wakati maji yanayoitaka yako chini. Lazima lizamishwe, mara mbili au tatu kwa siku, kila siku. Niliruhusiwa kulishika gongo la kazi hiyo katika ghala moja la Dernau: mti mrefu, mwishoni una sahani ya duara. Nilidhani ni kusukuma tu. Ukisukuma katikati halizami hata kidogo, linakurudishia gongo kama lilivyo. Mwenyeji alinionyesha kwa ishara nianzie ukingoni, nikate kipande kidogo, nikizamishe, ndipo nihamie pembeni yake, mpaka nizunguke pipa lote. Kipande kikikatika, joto linakupanda usoni na harufu ya mkate, cheri na kitu chenye kuwasha pua. Chini ya ganda kuna povu la waridi linalochemka bila moto. Usiinamie sana. Hewa ile ni nzito kuliko ya kawaida, hukaa chini, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na ghala za mvinyo zimeua watu kwa namna hiyo karne na karne. Zamani mtu alishuka na mshumaa mkononi, ukizimika anarudi mbio. Siku hizi kuna kifaa ukutani kinachopiga kelele.

Mashine za kuzungusha mvinyo kwa pampu zipo, kila ghala kubwa inazo, na hazikosi faida. Lakini pampu huchota chini na kumwaga juu kwa nguvu moja siku zote. Mkono unahisi: leo tabaka ni laini, limeshatoa lilichonacho, tusilisumbue. Na hapa ndipo pana siri ambayo naona imebeba ufundi wote huu. Rangi hutoka mapema, katika siku za mwanzo. Tanini ya mbegu, ile kali, hutoka baadaye, kileo kikishapanda na kuanza kulainisha utando wa mbegu. Kwa hiyo anayeendelea kukandamiza maganda kwa tamaa ya rangi zaidi haipati; rangi ya Spätburgunder ilishafika kikomo chake, hata inaanza kupungua, na kinachoongezeka ni uchungu. Kila asubuhi mtengenezaji huchota kidogo, huonja, hutema, hufikiri. Baada ya wiki mbili, pengine tatu, anasema basi. Hakuna kipimo kinachomwambia. Ule wepesi wa rangi uliolalamikiwa na jicho ni alama ya mahali aliposimama kwa hiari yake.

Yupo ambaye hakusimama, na hakuhitaji kusubiri. Zabibu zilizopondwa zinaweza kupashwa moto hadi nyuzi 60, 70 au zaidi. Ganda linalegea, rangi inamwagika kwa muda mfupi, kisha juisi inakamuliwa na kuchachushwa peke yake kama mvinyo mweupe. Majira ya kuchipua yakifika, chupa iko dukani. Mvinyo wa namna hiyo una rangi ya kupendeza, tunda tele, ulaini, na ukakasi hauna. Si haramu kisheria wala si udanganyifu. Chupa nyingi za bei nafuu hutoka hivyo na wanaozinywa wanafurahi. Lalamiko langu kwazo ni moja tu, zote zinafanana.

Kwa miongo kadhaa baada ya vita kuu ya pili, Ahr iliishi kwa wageni wa mwisho wa juma. Watu wa Bonn, Cologne na eneo la viwanda la Ruhr walikuja kwa mabasi, wakatembea kando ya mto, wakanywa mwekundu mwepesi wenye sukari kidogo, wakarudi wakiimba. Biashara ilikuwa nzuri, ufundi ulilala. Waliouamsha walikuwa wachache. Jina linalotajwa zaidi ni la Werner Näkel wa Dernau, aliyesomea ualimu, akarithi shamba dogo la wazazi wake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akaanza kutengeneza mvinyo mkavu, uliochachuka pamoja na maganda yake, uliolazwa kwenye mapipa madogo ya mwaloni kama wafanyavyo Burgundy kule Ufaransa. Jadi hii basi haikuja kwa mnyororo usiokatika tangu kwa watawa wa kike wa Marienthal, waliokuwa na nyumba yao bondeni tangu mwaka 1137. Ilikatika, na watu waliokumbuka au waliosoma wakaiunga tena. Naiheshimu zaidi kwa hilo. Kuendelea na jambo kwa sababu baba alilifanya ni rahisi kuliko kulichagua wakati jirani anauza rahisi na haraka.

Kabla ya pipa kulikuwa na mlima, na mlimani huko ndiko jasho linakokwenda. Miteremko ya katikati ya bonde ni mikali hata trekta haisimami. Mizabibu imekaa kwenye ngazi nyembamba zilizoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji. Ukuta ukibomoka kwa mvua, mara nyingi haitwi fundi. Mkulima mwenyewe hupanga tena, jiwe kwa jiwe. Sehemu fulani wameweka reli moja ya chuma inayopanda mlima, kikagari kidogo kikaning'inia juu yake kikibeba makreti na watu, na mgeni anayekipanda hutazama mbele tu. Ukali huo una faida. Jua la kaskazini huja kwa upande, na mteremko unaoelekea kusini unalipokea uso kwa uso. Sleti nyeusi hushika joto mchana na kulirudisha usiku, kuta nazo vilevile, na kwa hiyo zabibu huiva mahali ambapo kwa haki zisingeiva.

(Chini ya mizabibu hiyohiyo, kati ya Ahrweiler na Dernau, serikali ya Ujerumani Magharibi ilijenga kati ya 1960 na 1972 handaki la kilomita 17 na ushei, ijifiche humo vita vya nyuklia vikizuka. Vitanda, ofisi, studio ya matangazo, kila kitu. Vita havikuja. Leo kipande kidogo cha handaki ni makumbusho, na juu yake wanaendelea kupogoa.)

Kupogoa hufanywa wakati wa baridi, vidole vikiwa ganzi. Mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kuwa mizabibu yake haipati baridi ya kuilaza. Huku mzabibu hulala miezi, na mwaka una mavuno mamoja. Mwezi wa Julai huja kazi ambayo kwa mkulima yeyote inauma: kutembea mstari hadi mstari ukikata vichala vibichi vilivyo vizima na kuviacha vianguke chini, ili vilivyobaki vishibe. Kisha majani ya upande wa asubuhi hunyofolewa, umande ukauke upesi na ukungu ukose nafasi.

Siku ya kuvuna huamuliwa kwa ulimi na kwa kipimo. Wajerumani bado wanatumia kipimo chenye jina la Ferdinand Oechsle, mfua dhahabu wa Pforzheim wa karne ya 19: hupimwa lita moja ya juisi imezidi uzito wa lita ya maji kwa gramu ngapi. Juisi ya Oechsle 95 ina uzito wa gramu 1,095, na ziada hiyo karibu yote ni sukari. Babu zao walikuwa wakiisubiri sukari hadi Oktoba kwa maombi. Sasa hali ya hewa imegeuka, uvunaji umesogezwa mapema, na mashaka yamekuwa ya upande wa pili, sukari ikipanda haraka na uchachu ukikimbia. Anayetaka mvinyo wa zamani analazimika kuvuna kwa namna mpya.

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021 mto huo mdogo, ambao siku za kiangazi mtoto huuvuka kwa miguu, ulijaa kwa namna ambayo hakuna aliye hai alikuwa ameiona. Kipimo cha maji cha Altenahr chenyewe kilisombwa. Bonde hilo peke yake lilipoteza watu zaidi ya 130. Ghala za mvinyo, kwa kuwa ziko chini kando ya mto, zilijaa matope hadi darini. Mapipa yaliyojaa yalielea yakagongana, mengine yakaonekana mbali sana na kwao. Mabinti wa Werner Näkel, Meike na Dörte, ambao ndio wanaoendesha shamba sasa, walichukuliwa na maji walipokuwa wakijaribu kuokoa vitu ghalani, wakashikilia mti kwa saa nyingi usiku ule mpaka wakaokolewa. Mizabibu mingi iko juu mlimani, ikapona. Ikawa zabibu zinaendelea kuiva na hakuna mahali pa kuzipeleka.

Watengeneza mvinyo kutoka Mosel, Rheingau, Pfalz na kwingineko walikuja na mashine zao za kukamulia, mapipa na mikono yao, na mavuno ya 2021 yakaingia. Chupa zilizofukuliwa kwenye matope ziliuzwa jinsi zilivyo, bila kuoshwa, nyingi bila lebo, mnunuzi asijue alichonunua, na mamilioni ya yuro yakapatikana kwa ajili ya kujenga upya. Chama cha ushirika cha Mayschoß, kilichoundwa mwaka 1868 na ambacho hutajwa kuwa cha zamani kuliko vyote vya aina yake duniani, kilipigwa vibaya kikasimama tena. Msomaji wa Kilimanjaro au Kagera aliyekulia kwenye chama cha msingi cha kahawa hahitaji kuelezwa kwa nini wakulima wale wa karne ya 19 waliungana, wala kwa nini hawakutaka kukiacha kife.

Kuhusu kuunywa, nina ushauri kidogo. Vitabu husema mwekundu unywewe kwa joto la chumbani. Vitabu hivyo viliandikwa katika vyumba vya Ulaya vya zamani, visivyo na joto. Dar es Salaam au Mombasa, chupa ikae kwenye friji nusu saa na zaidi hadi ishuke karibu na nyuzi 15. Wenyeji wa Ahr huutaka kwa nyama ya paa wa msituni na mchuzi mzito. Mimi naona hauhitaji mwenzi mwenye misuli hivyo. Kuku wa kuchoma unamtosha, na pilau ya kuku yenye karafuu iliyopimwa haugombani nayo. Jodari aliyebanikwa pia, ingawa nimeshatazamwa kwa huruma kwa kusema hivyo mbele ya Wajerumani.

Kuhusu bei, usikimbilie chupa ya juu kabisa. Kwenye ngazi ya mashamba teule kuna mvinyo wa kustaajabisha, na pia kuna mwaloni mwingi mpya unaolipiwa kwa yuro. Ngazi ya kijiji, yenye jina la Dernau au Ahrweiler tu, mara nyingi ndiyo inayosema ukweli wa zabibu hii kwa uwazi, na huhitaji kuingoja miaka 10. Ikiwa imefungwa kwa kifuniko cha kuzungusha badala ya kizibo cha gome, usiione duni. Kizibo kibovu huugeuza mvinyo mzima ukanuka boksi lililolowa, na mtu aliyeshinda wiki tatu akizamisha maganda kwa mkono hana nia ya kumkabidhi kazi yake mtu wa gome.